Majivu Mbele ya Mulango wa Muzee Bisimwa

Kila uchafu ndani ya nyumba ya Muzee Bisimwa ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa Bisimwa hata siku moja. Matope ya sebuleni yalikuwa ya wale walioahidi kutengeneza barabara ya mutaa wa Cimpunda, wakaja, wakapima, wakapigwa picha, wakarudi kwao. Moshi wa ukutani ulikuwa wa watu wa umeme, maana umeme ukikatika mutu atapikia wapi kama si kwenye mbabula ya makaa, na mbabula inatoa moshi ama inatoa marashi? Masufuria yaliyolala bila kuoshwa yalikuwa ya watu wa maji. Hata buibui aliyejenga ngazi juu ya ngazi kwenye picha ya Bikira Maria, Bisimwa alikuwa akimutazama na kumuambia: "Jenga, baba. Mu hii inchi, wewe peke yako njo uko nafanya kazi."

Alikuwa fundi wa viatu. Shule aliiachia darasa la tatu, lakini siasa aliimaliza yote, kwa sababu kiatu cha mutu kikiwa mikononi mwako, mwenyewe amesimama kwa muguu mumoja na hana pa kukimbilia. Atakusikiliza. Serikali aliiita Leta, kama vile ni mutu mumoja mwenye tumbo kubwa anayekaa mahali fulani huko chini karibu na ziwa, akila zamu ya Bisimwa.

Muke wake, Consolate, ndiye aliyekuwa akifagia. Bisimwa na ufagio walifahamiana kwa macho tu. Consolate alikufa mwaka jana wakati wa mvua. Watu walikuja kwenye kilio, wanaume wakaota moto mbele ya mulango kama desturi, kisha risasi zikasikika upande wa mujini na kila mutu akaenda kwake na kiti chake kichwani. Moto ukazimika wenyewe. Majivu yakabaki.

Sasa, kwenye kilima cha akina Bisimwa, majivu ya kilio hayafagiwi na mwanaume aliyefiwa. Anamuita ndugu ya marehemu, ndugu anakuja na ufagio mupya, anafagia, na hapo ndipo kilio kinakwisha. Halafu yule aliyefagia anakalishwa kwenye kiti chenye mugongo, anawekewa kasiksi, pombe ya ndizi, na mufiwa anamutumikia siku hiyo bila kunungunika, hata akiomba akunwe mugongo. Shemeji wa Bisimwa, Christophe, ndugu ya Consolate, alikaa Lwiro. Hakuwa amekuja. Kila aliyeuliza, Bisimwa alimueleza: barabara imekufa, vizuizi vimejaa njiani, wakubwa wanakula, shemeji wa watu atapita wapi? Basi majivu yalikaa pale mwaka muzima, kuku wakioga ndani yake, upepo ukiyaingiza nyumbani mpaka kwenye chumvi.

Katikati ya juma, Maman Marie-Louise akaja. Alikuwa mukubwa wa shirika, lile kundi la Wakatoliki wa jirani wanaosali nyumba kwa nyumba. Alisimama mulangoni akiwa ameinua kikwembe chake juu kidogo, kama mutu anayevuka muto.

"Papa Bisimwa, hii Jumapili, siku ya Mungu, tunasalia Consolate. Mwaka unatimia. Tutaikala wapi?"

"Ku biti, maman. Biti iko."

"Kile kiti kuku iko nataga juu yake, njo hicho?"

"Ile kuku itatoka."

"Na hii vumbi?"

"Vumbi, maman, ni mambo ya barabara. Kama Leta ingetia godoro..."

"Goudron, Papa Bisimwa. Lami."

"Hata godoro ingekuwa afazali."

Marie-Louise hakucheka. Akasema polepole, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Sikia, papa. Kama siku ya posho, hii Jumamosi, jioni nitapita nikute hivi, tutasalia kwa Donatien. Alishatoa nyumba yake. Batu hawawezi kupiga magoti ndani ya mavi ya kuku."

Kwa Donatien! Bisimwa akakaa juu ya kisanduku chake cha misumari. Donatien, jirani wa upande wa juu, alikuwa ametia karo chini nyumbani mwake, vigae vyeupe, na tangu siku hiyo kila mugeni alivua viatu mulangoni kama Musa mbele ya kile kichaka. Consolate alikuwa akisema, "Kwa Donatien mutu anaingia na muguu wazi, anatoka na mafua." Hakupenda kuingia mule. Sasa jina lake liende kutajwa mule, mwaka wake usaliwe juu ya karo za Donatien, na mume wake asimame nyuma na soksi yenye tundu? Hapana. Hiyo hapana.

Ndiyo maana siku ya posho asubuhi alikuja Maman Bintu, mwanamuke wa Bunyakiri mwenye mikono mifupi na miguu ya kupanda milima, aliyekuwa akifulia watu nguo huku na huku. Wakapatana bei ya kusafisha nyumba bila kelele. Bisimwa akavaa koti.

"Karibu, maman. Mimi njo patron." Neno hilo la bosi hakuwa amelisema juu yake mwenyewe tangu azaliwe. Lilikuwa tamu mudomoni kama sukari ya wizi.

"Sawa, patron. Maji iko wapi?"

"Maji itafika."

"Itafika saa ngapi?"

"Tuko nashugulikia."

Bintu akaweka basani yake ya kufulia chini. "Na sabuni?"

"Sabuni iko ndani ya programu."

"Na fagio?"

"Ile iliyokuwa hapa iliisha, maman. Uongozi uliopita haukuacha..." Akanyamaza, kwa sababu uongozi uliopita ulikuwa Consolate, na picha yake ilikuwa pale ukutani, ikimutazama kwa jicho la pembeni.

Bintu akamukagua kutoka koti mpaka viatu. "Patron, ulishafanyaka kazi ya ministre?"

Bisimwa alichomwa. Yeye! Kuwekwa kapu moja na wale mawaziri! Akasimama kwenye kizingiti, kidole juu, na sauti ikatoka yote, ile aliyokuwa anaiweka akiba kwa siku Leta itakapopita mbele yake kwa miguu.

"Maman Bintu! Hii inchi inakufa juu ya kufagia nusu-nusu! Bakubwa banafagia fasi bageni banapita, fasi ingine banaacha! Hapa kwangu, hapana! Ndani, inje, kila kitu! Nisirudi nikute hata uchafu mumoja!"

"Kila kitu, patron?"

"Kila kitu!"

"Hata inje?"

"Inje njo sura ya nyumba, maman! Mimi si Leta!"

Akashuka kwa Marie-Louise kumutangazia kwamba kazi imeanza. Alipewa chai. Akaeleza jinsi alivyoipanga kazi, mambo ya ndani na mambo ya inje, na jinsi watu wanavyohitaji mukubwa anayejua kuamuru. Chai ikaisha, akaongezewa, akaeleza tena.

Aliporudi, alisimama katikati ya njia. Mbele ya mulango wake udongo ulikuwa mwekundu, safi, kama kichwa kilichonyolewa. Kuku walikuwa wanauzunguka wakiwa wamepotea.

"Majivu iko wapi?"

"Nimemwanga ku migomba," Bintu akasema, akijifuta jasho. Mukononi alikuwa na ufagio mupya aliouazima kwa jirani. "Inafaaka ndizi."

"Nani alikuambia uguse majivu?"

"Wewe! Nimekuuliza mara mbili, patron."

"Na mimi nimesikia!" Hiyo ilikuwa sauti ya Donatien, ikitoka juu ya lupango, ule ua wa katikati yao. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama karo zake. "Cimpunda muzima imesikia! 'Kila kitu! Mimi si Leta!' Heee, Muzee, pongezi. Kilio imeisha. Umepata shemeji wa Bunyakiri!"

"Donatien, ingia kwako."

"Niko kwangu. Wewe mutafutie shemeji wako kiti chenye mugongo. Ama ile desturi ilikuwa ya kutufunga sisi macho tu?"

Hapo Bisimwa alikwama, na alijua amekwama. Akisema majivu hayo hayakuwa kitu, basi mwaka muzima alikuwa mutu muchafu tu, kama watu wengine wachafu. Akisema yalikuwa ya kilio, basi huyu mwanamuke amefanya kazi ya ndugu ya Consolate, na leo si mufanyakazi wake tena. Alisimama akivuta vifungo vya koti. Mwishowe akamueleza Bintu desturi, haraka-haraka, akiangalia migomba.

Bintu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Na hiyo kiti iko wapi?"

"Maman, lakini ndani..."

"Ndani sijagusa bado. Nilianzia inje, sura ya nyumba." Akafukuza kuku kwenye kiti chenye mugongo, akakipangusa, akaketi, akanyoosha miguu. "Shemeji, basani ile pale. Bidoni ile pale. Sabuni utanunua njiani. Maman wa shirika anapita jioni."

Bisimwa akavua koti.

Kwenye kisima cha kule chini wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao za maji. Walipomuona, mumoja akapaza sauti: "Papa Bisimwa! Batu ba maji bamekuandika kazi?" Wakacheka mpaka bidoni mbili zikafurika. Alipanda mulima na maji yakimumwagikia mugongoni, na alipotaka kulaani wale waliokata mabomba, pumzi haikutosha kupanda na kulaani. Ikabidi achague. Akapanda.

Bintu aliongoza kazi akiwa juu ya kiti mulangoni. "Si vile, shemeji. Hiyo haiko kufagia, hiyo ni kupeleka vumbi matembezi." Na tena: "Kamua kitambala, kamua! Uko nakinyongea nini, haikukukosea kitu." Na Bisimwa alipovunja nyumba ya buibui kwa kichwa chake, akapiga kelele, akatoka na uzi mweupe kwenye nyusi, Bintu akafunika mudomo kwa kikwembe: "Sasa njo unafanana ministre."

Chini ya kitanda ufagio ulivuta sandali za Consolate. Zilikuwa zimepangwa pamoja, vidole ukutani, kama aliziacha jana. Ya kulia ilikuwa imekatika kamba. Bisimwa aliichukua akaigeuza. Kamba hiyo alikuwa amemuahidi kuishona, na Consolate alipouliza, aliambiwa uzi muzuri haupatikani, mipaka imefungwa. Bisimwa akatazama kisanduku chake. Uzi ulikuwa pale, umezungushwa vizuri, wa kushona viatu vya kikosi kizima.

"Shemeji, umelala huko?" Bintu akaita.

"Niko nakuja."

Alishona ile sandali akiwa amepiga magoti kwenye matope ya sabuni. Haikumuchukua muda. Akazirudisha mahali pake, vidole ukutani.

Mchana alimununulia Bintu kasiksi, kibuyu kimoja, kama desturi. Bintu akakinusa akakisukuma. "Mimi niko muprotestanti. Wekea bageni ba kesho." Bisimwa akakiweka kwenye kona. Jioni Marie-Louise akapita, akaingia, akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama kidole. Halafu akaketi.

Siku ya Mungu shirika likajaa nyumba. Donatien pia alikuja, akabaki karibu na mulango akitafuta pa kuweka macho yake. Bintu alikuja amevaa vizuri, na wanawake wakamupeleka moja kwa moja kwenye kiti chenye mugongo, wakisukumana kwa viwiko. Walipomaliza rozari, mutu akabisha hodi. Alikuwa mwanaume murefu, vumbi mpaka magotini, ufagio mupya chini ya kwapa.

Christophe wa Lwiro.

Akatazama mbele ya mulango. Akatazama ufagio wake. "Nani amefagia?"

"Mimi," Bintu akasema bila kuinuka. "Inaonekana niko dada yako."

Watu wakaangua kicheko. Bisimwa akakimbilia mbele na mikono yote miwili: "Shemeji! Pole na njia! Niliambia batu, ile barabara, na bile vizuizi, wakubwa..."

"Barabara gani?" Christophe akauliza. "Mimi nashukaka hapa Bukavu kila siku ya soko. Nauzishaka maharagi pale chini, ukitema mate kutoka hapa inanifikia."

"Mwaka muzima nilingoja uniite, Bisimwa. Mutu haendake kufagia kwa mutu bila kuitwa. Huyu maman alinipigia simu mara moja tu," akaonyesha Marie-Louise, "na niko hapa."

Bisimwa alitazama udongo mwekundu wa inje. Angeweza kusema simu, mtandao, wale wanaokata mtandao. Neno lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno. Christophe akamupiga bega, akavuta kisanduku cha misumari, akaketi kando ya Bintu. "Haizuru. Dada yangu amefagia. Sasa kasiksi yetu iko wapi?"

Macho yote yakaenda kwenye kona. Kibuyu kilikuwa pale. Marie-Louise akakiinua, kikapanda kwa wepesi, akakitingisha. Kimya. Wote wakamugeukia Bisimwa, na Donatien tayari alikuwa amefungua mudomo kumusaidia: "Leta imepitia hapa jana usiku?"

Bisimwa akakuna shingo.

"Nimekunywa mimi," akasema.

Kicheko kilichopigwa hapo kiliwatoa kuku migombani. Bisimwa akanyakua kibuyu, akatoka mbio kwenda kwa muuza kasiksi wa kona, mvua ndogo ikianza kumunyeshea. Aliporudi, kibuyu kimejaa, akihema, matope ya barabara mpaka kwenye vifundo, akarukia kizingiti.

"Shemeji!" Bintu akapiga kelele kutoka kwenye kiti. "Viatu!"

Bisimwa akavivua mulangoni, kimoja kimoja, na akaingia na soksi yake yenye tundu kuwatumikia.