Kabula wa Kiangazi

Bi Apolinaria alikuja na kitenge kipya begani, na kila mtu pale uani Itetemia alijua amekileta kwa nini. Mtoto wa kwanza wa kike anachukua jina la bibi mzaa baba. Bibi aliisubiri siku hiyo miezi miwili, tangu mtoto yuko hospitali ya Kitete, wodi ya watoto njiti, kilo moja na ushee.

"Haya, Renatus," akasema, kampakata mjukuu. "Jumapili anabatizwa, katekista anataka jina. Hebu niitie somo wangu nimsikie."

Renatus ni fundi baiskeli Kanyenye. Kuzungukazunguka hajui, kitu kikipinda anakigonga nyundo. Ila leo nyundo ilikuwa nzito. Kumnyima mama jina lake mbele ya shangazi mtu si mchezo.

"Anaitwa Kabula, mama."

Kuku akapita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

Shangazi Levina ndiye aliyecheka. "Kabula ni wa mvua, wewe! Huyu kazaliwa Agosti, vumbi mpaka kwenye ugali. Mvua uliiona wapi?"

"Kwetu hakuna Kabula," mama akasema polepole. "Nani huyo? Mchumba wako wa zamani?"

"Mama!" Elieth, mkewe Renatus, akaruka.

"Namuuliza mwanangu."

Renatus akaona hakuna uchochoro wa kupenya. Akitaka jina likae, lazima aseme na lile ambalo hajamwambia mtu, hata Elieth.

"Ni mke wa mfugaji, wa Igunga," akasema. "Elieth alipopasuliwa akashikwa na homa, siku tisa hajiwezi. Wewe uko Urambo unamuuguza mama mdogo. Nesi akaniambia, baba, mtoto anataka joto la mtu, kifua kwa kifua. Vua shati. Nikaangalia ile wodi, wanawake tu. Nikasema nina kazi kibandani. Nikatoka."

"Ukatoka," mama akarudia.

"Nikatoka. Narudi jioni, najua nimemuua. Namkuta kifuani kwa mama wa kitanda cha pili, pamoja na mwanawe mwenyewe. Mmoja kulia, mmoja kushoto, kawafunga kanga moja. Hanijui, simjui. Namwamkia shikamoo, marahaba haitiki. Ananiambia, 'Nyie wanaume wa Tabora, babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Hiki cha kilo moja kimekushinda?'"

Levina akaziba mdomo.

"Wodi nzima ikacheka. Nilitaka kuondoka tena, hasira zimenijaa. Akasema, 'Lete kifua hapa.' Akanifundisha kichwa kikae wapi, miguu ikunjwe kama ya chura. Nikisinzia ananipigia kelele, 'Baba Nanihii, mzigo unateleza!' Nikichoka anampokea, na wake anaye vilevile. Siku nane, mama. Hakuniomba hata chumvi. Sijaona mtu wa namna ile, na sidhani nitamwona mwingine."

Elieth alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyeletwa na basi asubuhi hiyo. "Uliniambia ulikuwa naye tangu siku ya kwanza," akasema.

"Nilikudanganya."

Akamgeukia mama yake. "Ukitaka Apolinaria, sitabisha. Lakini kama si yule mwanamke, leo hapa hakuna wa kupewa jina."

Bi Apolinaria akaketi, akamlaza mjukuu magotini. Akavuta kitenge begani, akakikunja mara nne, akakisawazisha kwa kiganja, akamrushia Renatus mapajani.

"Kipeleke Igunga. Ni cha somo wake. Mimi changu utaninunulia, na kiwe kizuri kuliko hicho." Akamtazama mwanawe kifuani. "Marehemu baba yako asingevua hilo shati."

"Hata mimi sikulivua, mama, mara ya kwanza."

"Nimesikia. Sasa livue."

"Hapa?"

"Pale wodini walikuwa wanawake, sisi hapa ni nini? Nionyeshe alivyokufundisha."

Renatus akavua shati. Mbavu nje, grisi mpaka viwikoni. Akampokea mtoto, akamlaza kifuani, kichwa chini ya kidevu, miguu akaikunja.

"Hee, mwanaume mzima!" Levina akaanza.

"Nyamaza wewe." Bi Apolinaria akainama, akaivuta kofia ya sufu mpaka ikafunika sikio la mjukuu. "Kabula," akaita. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayepiga hodi nyumba asiyoizoea.