Mume Wangu Alinipa Duru ya Sita

Mume niliyepangiwa kucheza naye raundi ya kwanza nilimlea mwenyewe. Msishtuke. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Tangu yuko kwenye nepi namwita mume wangu, naye ananiita bi harusi mpaka leo, ana ndevu na karakana yake ya useremala. Kurusha vishale nilimfundisha mimi, kwenye chumba cha nyuma cha duka langu la ushonaji, ubao ukiwa umetundikwa juu ya majora ya vitambaa. Kwa hiyo ratiba ya mtoano ilipobandikwa ukutani, Bibi Sindano dhidi ya Seremala, watu walinionea huruma, mimi nikacheka. Ndoa inavunjika mbele ya kamera.

Binti yangu hakucheka. Yeye ni muuguzi, na wauguzi hucheka wakitaka wao.

"Mama, na hilo jicho?"

"Lina mtoto wa jicho. Baba yake hata simjui."

"Mama!"

Alijua kinachoniuma. Huu ulikuwa mwaka wangu wa kumi na moja katika mashindano ya kulipwa, na sijawahi kushinda mechi hata moja. Kila mwaka natolewa raundi ya kwanza, nafunga mkoba kabla chai haijapoa. Safari hii waandaaji waliniandikia barua ya adabu sana: nisipopita, jina langu linaondolewa kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa. Karatasi nzuri, nzito. Niliikata nikapimia kola.

Lakini moyoni nilishaapa. Mechi moja. Nishinde mechi moja ya halali, halafu wanifute wakipenda.

Tukapanda jukwaani saa nne asubuhi. Kwa wasiojua: kila duru unaanza na mia tano na moja, unapunguza mpaka sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye ukanda mwembamba wa nje, ule unaozidisha namba mara mbili. Wa kwanza kufikisha duru nne anapita. Mwingine anakwenda nyumbani.

"Bi harusi, umependeza," akaninong'oneza tukipeana mikono.

"Nimevaa ya talaka."

Tulikwenda bega kwa bega. Duru yake, duru yangu. Jicho la kushoto lilikuwa linaona ubao kama sahani ndani ya mvuke, basi nililifumba nikatumia la kulia, na mkono ukafanya kazi uliyoizoea miaka hamsini, kupeleka chuma chembamba mahali padogo. Nikafika tatu kwa mbili. Ukumbi ukaanza kupiga makofi yale ya kumshangaa mzee.

Duru ya sita, mume wangu akabakiza arobaini. Ishirini ya mara mbili, pale juu kabisa, na vishale vitatu mkononi. Pale hata usingizini anapapata.

Akarusha. Nje, kikapita juu ya waya wa ule ukanda. Cha pili, nje, juu ya waya. Cha tatu, vilevile.

Watu wakaguna "aaa!" Mimi sikuguna. Mtoto huyu tangu ana miaka minane kiwiko chake hulegea, na akikosa, hukosa kwa chini. Nimemkemea kwa kiwiko hicho mpaka nikachoka. Kukosa juu, mara tatu mfululizo? Nikageuka kumtafuta binti yangu kwenye viti vya mbele. Alikuwa anachunguza kucha zake. Hapo nikaelewa nani kamshauri aniachie.

Nilikuwa nimebakiza hamsini na sita. Kumi na sita, kisha arobaini, mechi kwisha. Miaka yote ya kutolewa ningeisahau. Niliinua mkono, nao ukawa mzito kama pasi ya mkaa. Ningeshinda nini? Ningeshinda huruma ya mtoto niliyemfuta kamasi.

Nikalenga moja. Ile namba isiyotakiwa na mtu. Moja, moja, moja. Hamsini na tatu.

Mwamuzi akanikazia macho. "Bibi, uko sawa?"

"Jicho, mwanangu," nikamjibu kwa sauti ya kuugua.

Dhambi ni ileile aliyofanya mjukuu, najua. Nimeiungama mahali panapohusika.

Nikachomoa vishale, nikampita karibu. "Sikiliza, mume wangu. Ukirusha tena juu ya waya, nakutangaza hapa hapa kwenye kipaza sauti kwamba ulikojoa kitandani mpaka darasa la nne."

"Bibi, mama alisema..."

"Mama yako nitamkuta nyumbani. Nipige kama unavyompiga mgeni."

Masikio yakamwiva. Akasogea kwenye mstari, na kishale cha kwanza tu, arobaini. Tatu kwa tatu.

Duru ya mwisho hakuniangalia. Alirusha mia na themanini, yaani vyote vitatu kwenye ishirini ya mara tatu, kama anapigilia misumari. Nikamfuata nyuma, nikihema. Akabakiza ishirini na nne; zamu yangu, mimi nina sabini na sita. Nikikosa, anamaliza. Mtaalamu angetafuta ile ishirini ya mara tatu, kijidirisha ambacho jicho langu halikioni tena. Mimi nikapita mlango mkubwa: ishirini ya kawaida. Zikabaki hamsini na sita. Kumi na sita. Zikabaki arobaini, na kishale kimoja.

Nikavuta pumzi kama navuta uzi, nikaachia.

Kiliingia kikiwa kimeegemea waya, kimeinama kama mlevi, lakini kimeingia. Mwamuzi akasogea, akachungulia, akapaza sauti: "Mechi!"

Mjukuu wangu hakunikumbatia. Alinipa vidole viwili badala ya mkono, akashuka jukwaani, akapiga teke kiti. Kwenye chumba cha wachezaji nikamkuta kakaa amenielekezea mgongo.

"Mume wangu."

Akafunga mkoba wake kwa kishindo.

"Bi harusi anaongea."

"Kile kishale kiligusa waya," akafoka. "Bahati tupu! Tukirudiana nakufunga nne bila."

Alikuwa amenuna kweli, si kwa kuigiza, mdomo umevimba, hasira hadi shingoni. Nikajimiminia chai, nikakaa mbele yake nimtazame vizuri kwa jicho langu moja. Sijawahi kuonyeshwa kitu kizuri kama kile.