Mbuzi wa Msafara

Kifuniko cha birika kiligonga taratibu, nami nikajua maji yamechemka kabla jogoo hajawika. Magoti yaliniuma. Nilikaa kwanza kwenye kigoda, nikapumua, ndipo nikatoka kumwita jirani yangu Amoni aje amchinje mbuzi.

Mjukuu wangu Tumaini alikuwa anakuja na wenzake wawili kutoka Tunduma. Wana klabu ya magari, watu kumi na wawili, na kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, hufanya msafara, gari nyuma ya gari, kisha huchoma nyama mahali pamoja na familia zao. Mwaka huo walikuwa wanachagua: uwanja wangu hapa Ruanda, au bustani ya nyumba ya wageni kule Vwawa. Siku hiyo walikuja kukagua tu.

Tumaini alikuwa hajakanyaga kwangu tangu tumzike mama yake, Edina, miaka mitatu nyuma. Wakichagua Vwawa, Krismasi hiyo nayo ingepita bila yeye. Ndiyo maana sikutaka wakague uwanja mtupu. Nilitaka waonje.

Walifika saa nne. Makene, kiongozi wa msafara, alishuka na kuchuchumaa kutazama chini ya gari.

"Shikamoo Bibi. Barabara yenu imekula bampa yangu."

"Marahaba. Ungekuja kwa miguu isingekula kitu."

Faudhia, msimamizi wa chakula, alicheka mpaka akashika ukuta. Alikunywa chai vikombe viwili, akaulizia maji ya kisima na kuni. Tumaini alipima uwanja kwa hatua. Upande wa kahawa, alikolala mama yake, hakwenda.

Nyama ilipoiva, Amoni aliileta kwenye sinia.

"Babu, nani kachinja?" Faudhia aliuliza kwa upole.

"Mimi mwenyewe! Kisu kimoja tu, hakulia mara mbili."

Faudhia alitabasamu, akairudisha mikono mapajani. "Hongera, Babu. Mimi leo nimefunga."

Nilikitazama kikombe chake. Masalio ya chai yalikuwa bado yana joto.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, wageni wakiwa wa dini zote, huitwa Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Hata kwenye msiba wa Edina tulimwita mzee mmoja kutoka Mlowo. Nalijua hilo tangu usichana wangu. Lakini majirani zangu wote ni watu wa kanisani, na haraka yangu ilinisahaulisha.

"Mwanangu, nisamehe," nikamwambia. "Nimekukosea kwenye nyumba yangu."

"Hujanikosea, Bibi. Umeamka alfajiri kwa ajili yetu."

Makene alijifuta vidole. "Basi iwe Vwawa. Watano wetu ni Waislamu, na kule bucha ipo."

"Si tutakuja na mchinjaji siku hiyo?" Faudhia akamkatiza. "Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni bampa, dada. Mvua ikinyesha, magari kumi na mawili tutayabeba kichwani?"

Wote wakamtazama Tumaini. Yeye aliitazama nyama.

"Iwe Vwawa," akasema.

Sikubishana. Kuna uchovu unaokaa hata kwenye ulimi. Niliingia jikoni, nikapakua maharage yaliyokuwa kwenye chungu tofauti, mbali na nyama, nikamwekea Faudhia mbele.

"Naona funga yangu imeisha mapema," alisema, akala yote. Kisha akaosha vyombo vyangu, akanikataza kusimama.

Nilipotoka, gari lilikuwa linaunguruma na Tumaini hayupo. Nilimkuta upande wa kahawa, amechuchumaa, anang'oa majani juu ya kaburi la mama yake. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimejaa tope.

"Bibi, nilikuwa naogopa kufika hapa," alisema bila kugeuka. "Nikafikiri nikija na watu wengi nitaweza, lakini tulipofika nikaogopa tena, nikasema Vwawa."

"Mbona leo umeweza na wawili?"

Makene alipiga honi, na Faudhia akamgombeza tukasikia.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikiwa nimeuegemea mkono wake. Nyama iliyobaki nilimfungia Makene kwenye jani la mgomba, kwa ajili ya bampa yake. Faudhia alinishika mikono yote miwili dirishani.

"Njoo tena," nikamwambia Tumaini, "siku yoyote, usingoje msafara. Mje na Faudhia na mchinjaji wake. Mbuzi mwingine yupo, nitamwacha hai mpaka mje."