Hodi kwa Watu Elfu Thelathini

Dobi aliandika "Hodi" kwenye ukumbi wa maongezi wa darasa la simuni, akaiweka simu juu ya rundo la mashuka yaliyopigwa pasi, akangoja akaribishwe. Wiki ya pili akabisha tena. Ya tatu vilevile.

Kozi ilikuwa ya bure, ya mtandaoni, kuhusu kuzuia maambukizi hospitalini, na ilimpokea bila kumuuliza aliishia darasa la ngapi. Hilo peke yake lilitosha kumpa mabawa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amefua mashuka ya wodi nne. Sasa hospitali ilitaka msimamizi wa chumba cha kufulia, mwenye cheti, ifikapo Ijumaa. Mwalimu wa kwenye video alikuwa mpole, hakuwahi kumkatiza kauli. Wala hakuwahi kumsikia.

Wifi yake, mpishi wa wagonjwa, ndiye aliyekuwa akimgawia waifai ya simu yake. Jumanne ya wiki hiyo aliingia na sahani mbili za chakula cha mchana, akachungulia.

"Mbona kazi ya mwisho hujaiweka?"

"Hawajanikaribisha."

"Akina nani?"

"Wenyeji. Nimebisha mara tatu, kimya. Mtu mwenye adabu zake anarudi nyumbani."

Wifi alicheka hadi ikabidi azitue sahani. "Wewe! Humo hamna mwenyeji. Mmeingia elfu thelathini na kila mmoja kaganda mlangoni. Weka kazi, mama!"

Akaiweka: kurasa mbili juu ya kutenganisha shuka la damu na shuka la jasho. Simu ikamjibu kwamba kazi hiyo itasahihishwa na wanafunzi wenzake watatu kabla ya cheti kutolewa.

Alhamisi mchana, wasahihishaji walikuwa sifuri.

"Elfu thelathini wameyeyukia wapi?"

"Walikoyeyukia wenzangu wa kwaya," alisema wifi. "Siku ya kwanza tulijaa hadi madirishani. Siku ya onyesho niliimba sauti zote nne."

Dobi hakucheka. Kwa mara ya kwanza aliuteremka ule ukumbi hadi chini, yeye asiyependa kupekua nyumba za watu. *Kuna mtu?* aliuliza mmoja. *Jamani, zoezi la tatu limenishinda.* Mhudumu wa zahanati fulani alikuwa ameandika siku kumi na moja zilizopita: *Kazi yangu ataisoma nani?* Chini yake, patupu.

Muda wote huo alikuwa amewanunia wenyeji wasio na adabu. Kumbe ulikuwa ukumbi wa wageni tu, bila mwenyeji.

Alijifuta mikono kwenye aproni, akaifungua kazi ya yule mhudumu, akaisoma mara mbili. Akampa alama, akaandika: "Umesahau glavu kabla ya kushika ndoo. Mengine safi kabisa." Kisha akarudi juu, kwa yule wa *Kuna mtu?*, akaandika: "Karibu." Akashuka kwa anayefuata.

Nyuma yake mashine ilimaliza kukamua, ikaanza kupiga kelele.

"Wifi, mashine inakulilia," aliita mpishi.

"Ingoje kidogo," alisema dobi bila kuinua macho. "Nina wageni."