Jumapili ya Jaribio la Pili

...na bado wanapiga makofi, wanapiga hata baada ya Rémy kuamka na kukung'uta vumbi magotini, mtu aliyeuawa sasa hivi mbele ya ukumbi mzima, anacheka, anawapungia mkono jamaa zake wa mabenchi ya nyuma, na Apollinarie naye anapiga, mikono yake imepata kazi na inaifanya, pa, pa, pa, anaiangalia kama mikono ya mtu mwingine, kwa sababu mjane asiyepiga makofi katika mchezo wa mumewe watu watasema nini, watasema roho yake imekauka, nao hawatakuwa wamekosea sana... Maana wanamtazama, hilo analijua bila kugeuza shingo, tangu ngoma ya kwanza ukumbi huu wa paroisi una jicho moja kwa wachezaji na jicho moja kwake, hapa mbele alipowekewa kiti chenye mto, wanangoja alie, na Jumapili iliyopita hakulia, na leo hakulia, jua linapita kwenye matundu ya risasi katika mabati na kudondosha vidoa vyeupe juu ya vichwa vya watu, yeye alikuwa akivihesabu vidoa hivyo wakati mumewe anafungwa kamba. "Mama," anasema Anne mapajani mwake, "ile ni papa?" Hapana, ni Rémy, Rémy seremala, aliyetutengenezea mlango. "Papa iko wapi?" Nyamaza, mwalimu Térence anataka kusema. Na kweli Térence amepanda mbele na kaye yake, daftari la mazoezi, na kreyo nyuma ya sikio, anainua mikono watu watulie, "Ndugu zangu, mama zangu, munajua kazi yetu, tarehe thelathini wakubwa wanatoka Bukavu kuona huu mchezo, leo ni jaribio ya pili, basi museme, chenye iko tamu museme, chenye iko chungu museme pia, minye naandika," na wanaanza kunyoosha vidole kama watoto wa shule, kama wanafunzi wa mumewe Eugène kule Luberizi, wale aliowapanga mstari siku ya uhuru, miaka mitano sasa, wakaimba mpaka ng'ombe wakasimama barabarani, na Eugène mwenyewe mbele yao na tai shingoni, akifungua na kufunga mdomo bila sauti, kwa sababu Eugène hakujua kuimba, hata kidogo, alipojaribu kanisani watu walidhani mbuzi ameingia, na yeye mkewe aliyekuwa nyuma na mimba ya Anne alicheka mpaka akashika tumbo... alicheka, ndiyo, kulikuwa na mtu wa namna ile. Na sasa wamempa beti tatu. Jumapili iliyopita alikufa kimya, ngoma moja, ti, akaanguka, na mzee mmoja akasimama akasema kifo bila wimbo ni ugali bila mboga, wote wakaitikia, Térence akaandika, akakaa wiki nzima na akodioni, na leo Rémy mwenye sauti nene kama pipa amesimama mikono imefungwa na kuimba beti tatu, na Florentine, ndiye anayecheza mke, ameishika ile mikono na kumjibu beti kwa beti, siondoki bwana wangu, siondoki, siondoki, mpaka waasi wakamvuta kwa nguvu, na ukumbi wote ukapiga kelele ya huruma, na kikwembe alichovaa Florentine ni kikwembe cha Apollinarie, kile chenye ndege wa manjano, alikuja kukiazima mwenyewe, "Mama Anne, nipatie ile nguo, ili ikuwe kweli kabisa."

"Minye nasema ule mto," huyo ni mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, harufu ya soko imeingia naye mpaka hapa, "ule mto iko mudogo sana, wasichana wawili wanatingisha kitambaa ya bluu na munasema ni Ruzizi? Ruzizi ya vile hata kuku inavuka!" Wanacheka. Térence anaandika, mto, mrefu zaidi. Kitambaa cha bluu... Ruzizi haikuwa ya bluu, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na mtu haanzi na mto, anaanza na matete, matete yanayokata mikono, na tope linalonyonya mguu, na maji kiunoni, na mtoto mgongoni ambaye kila akitaka kulia unamfunika mdomo na kiganja, unamfunika mpaka unaogopa kwamba umemfunika sana, unamwachia, unasikia pumzi, unamfunika tena, siku mbili, siku mbili kamili bila kuvuka, kwa sababu upande wa pili palikuwa na risasi na upande huu palikuwa na risasi... Lakini hilo halimo katika mchezo, katika mchezo mke yupo karibu na mumewe, na nani alimwambia Térence hivyo, hakuna aliyemwambia, alikuja nyumbani waliporudi kutoka Bujumbura, jeshi lilipokwisha kuuchukua mji mikononi mwa waasi, akakaa kwenye kigoda na kaye hii hii, akasema, "Mama Anne, natunga kitu juu ya marehemu, watu wasimusahau, ile asubuhi ulikuwa karibu naye?" na yeye alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, akaendelea kuchagua, jiwe, jiwe, na Térence akaona haya kuuliza mara ya pili, akaandika. Akaandika kimya chake kuwa ndiyo. Na tangu hapo wanawake wanampisha kisimani, wanasema, yule alisimama na bwana wake mpaka mwisho, na yeye anachota maji anakwenda zake.

"Neno langu ni juu ya waasi," sauti ya katekista, kavu, "wanacheza ngoma vizuri kuliko malaika wa Noeli, nawaambia kweli, watoto wetu wakiona vile watataka wote kuweka majani kichwani." Kicheko kikubwa, hata ajida wa jeshi aliyealikwa kukaa mbele na chupa yake ya bia anacheka, tumbo linaruka. "Na Rémy apunguze kula! Mufungwa gani iko na shavu kama ile?" anadakia mwingine. Wanacheka tena na Apollinarie anaona mdomo wake unacheka pamoja nao, vizuri, umefanya vizuri mdomo... Asubuhi ile Eugène alikuwa anafunga vifungo vya shati, hakukuwa na ngoma, jogoo tu, na mtu mmoja anakimbia barabarani akisema waasi wamefika Luvungi, wamefika Luvungi, na Eugène anafunga kifungo cha juu kama siku ya inspekta, anasema, "Twaa mutoto, pita mu mashamba ya muchele, ufike ku Ruzizi, uvuke. Minye nakuja." Yeye akamwambia twende wote. Eugène akasema, "Nikikimbia watasema niko na kosa. Minye ni mwalimu tu. Enda." Naye akaenda. Hiyo ndiyo iliyobaki, jiwe lisilotoka katika mchele, kwamba alibisha mara moja tu, twende wote, mara moja, na alipoambiwa enda akaenda, haraka, haraka ya mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa, hakugeuka, na miguu yake ilikuwa na furaha, Mungu amsamehe, miguu yake ilikuwa na furaha ya kukimbia. Florentine ameimba siondoki mara ngapi, mara tisa, alihesabu. Na Eugène mlangoni alimwona akienda vile bila kugeuka, aliwaza nini, alikufa anawaza nini juu ya mgongo ule unaokwenda, hakuna anayejua, kule Bujumbura habari ilimkuta sokoni baada ya mwezi, mwanamke anayeuza chumvi alisema, na mwalimu wa Luberizi amekufa, akaendelea kupima chumvi, naye akaipokea chumvi akarudi nayo, na tangu siku ile ni kama amekaa ndani ya pamba, watu wanasema maneno na maneno yanafika yamechoka, miezi kumi na mitatu.

"Minye niko na neno."

Mtu wa nyuma kabisa, karibu na mlango, Térence anakaza macho, "Simama tukuone, baba," na anasimama Herménégilde, dereva wa zamani wa kamyo ya pamba, amekonda, kofia mkononi, amerudi majuzi tu, watu wanasema kutoka upande wa Fizi, na hakuna anayemwuliza sana, kwa sababu upande wa Fizi waasi bado wapo. "Ile wimbo," anasema, "iko muzuri. Lakini mwalimu hakuimbaka." Wanacheka, mtu anapiga mluzi, bila shaka hakuimba, huu ni mchezo, mzee, na Herménégilde anageuza kofia mikononi kama usukani. "Hakuimbaka. Alikuwaka amekaa chini, mu kivuli ya kamyo. Aliuliza neno moja tu. Aliuliza kama bibi yake amevuka. Ni vile tu nilitaka kusema." Na anataka kukaa, lakini Térence amekwisha kushusha kreyo, "Weye ulijuaje?" na yule mtu anasema polepole, kama anayeweka kitu kizito chini, "Kamyo ilikuwa yangu."

Ajida anageuka na kiti chake, kiti kinalia kwenye saruji, chupa bado mkononi lakini uso wa bia umeondoka, na kutoka mabenchi ya kati mtu ananong'ona kwa nguvu, "Ulikuwa unabeba nani mu ile kamyo?" na mwingine, "Mwongo huyu, mama mwenyewe alikuwa pale, muulizeni mama," na Térence anageuka kwake kwa unyenyekevu, mikono mbele, "Mama Anne... utusaidie. Ni kweli anavyosema?" na sasa macho yote ni kwake, hata lile moja lililokuwa kwa jukwaa... aliuliza kama bibi yake amevuka... akisema ni mwongo, Herménégilde atatoka hapa kama mlevi aliyeota, watu watamcheka, ajida atarudi kwenye bia yake, na yeye atabaki mke wa beti tatu, atapishwa kisimani mpaka uzee, na wakubwa wa Bukavu watamshika mkono, akinyamaza, watafanya kama Térence, watachagua wenyewe kimya chake kina maana gani, na yule mtu pale mlangoni alijua haya yote kabla hajasimama, alijua ajida yupo, aliona kofia yake, na akasimama, kwa ajili ya wimbo? hapana, si kwa wimbo, anamtazama yeye, tangu alipoanza kusema hakumtazama Térence hata mara moja, amekuja kumpa mtu mzigo wake na hakujua nyumba... aliuliza kama bibi yake amevuka, hakuuliza kwa nini alikwenda haraka, hakusema hakugeuka, aliuliza kama amevuka, na amevuka ni neno la mtu anayetaka uvuke...

"Ni kweli," anasema Apollinarie, na sauti inatoka yenyewe, nzito, ya mtu aliyelala mchana. "Minye sikukuwaka pale. Nilikuwa mu matete na huyu mutoto." Ukumbi unavuta pumzi, Florentine aliyesimama pembeni anakishika kikwembe kifuani kama aliyekutwa na nguo ya mtu, na iwe hivyo, waseme watakayosema. "Baba Herménégilde. Ulimujibu nini?"

"Nilimwambia amevuka," anasema. "Sikujuaka, mama. Nilisema tu. Walikuwa wanatuangalia na bunduki, sote wawili. Nikamwambia, amevuka, minye nilimuona."

Na hakuwa amevuka, saa ile hakuwa amevuka, maji yalikuwa kiunoni na kiganja juu ya mdomo wa Anne, mvuvi Mrundi aliyewapakia mtumbwini alikuja alfajiri ya tatu. "Na ye?"

"Ye alisema, basi."

"Basi?"

"Basi. Peke yake. Kama muntu anamaliza kazi."

Anaijua hiyo basi. Ameisikia miaka sita, kila jioni, Eugène akifunga daftari la mwisho la watoto, akiweka wino mbali, basi, halafu anavua viatu, halafu anauliza chakula ni nini, basi ya mtu ambaye hana tena cha kuhangaikia leo, haina uchungu ndani, kama ingekuwa na uchungu angeisikia, hata katika mdomo wa dereva, hata baada ya mwaka... Ajida amewatazama wote wawili kwa muda, yeye na dereva, amekuna shingo, amegeuza kiti tena kuelekea mbele, labda ni basi tu ya leo na kesho atamwita yule mtu ofisini, na akimwita, yeye Apollinarie atakwenda pia, atasema alichosikia, hilo amelijua sasa hivi bila kulifikiri. Herménégilde amekaa. Mama wa ndagala anafuta macho na ncha ya nguo, watu wengi wanafuta macho, wanamtazama waone, na yeye halii, hata sasa halii, ila ameanza kusikia joto, kumbe mabati yanawaka hivi, kumbe mgongo wote umelowa jasho, na Anne ni mzito, mtoto huyu amekuwa mzito lini, ana harufu ya sabuni na karanga, na kuna mtu nje anakata kuni, na akodioni iliyowekwa chini vibaya inatoa pumzi yake ya mwisho, fiii, na vitu hivi vyote vinamfikia vikiwa vizima...

"Mama Anne," Térence anasema, amefungua kaye lakini haandiki, hajui aandike wapi, "sasa tufanye je? Wimbo tuitoe? Tuweke ile neno, basi? Lakini basi haiimbiki, mama, ni fupi sana," na Rémy anatazama chini kama mtu aliyenyang'anywa, beti tatu alizozifanyia mazoezi wiki nzima akipiga randa, na yule mzee wa ugali na mboga ameshanyoosha kidole tena, na watu wanaanza kubishana, mke awepo, mke asiwepo, mto utangulie, na Apollinarie anamweka Anne vizuri begani, anafikiri, waache waimbe, Rémy ana sauti nzuri na wakubwa wanatoka mbali, mzigo ule hakuuleta yule mtu kwa ajili ya wakubwa, aliuleta kwake, mlangoni, na Térence bado anangoja, kreyo juu, "Mama?" na yeye anamwambia Anne sikioni, polepole, uliuliza papa iko wapi...