Mlio Uliochelewa

Darasani walimwita Bi Samahani, maana hata ukimkanyaga wewe, yeye ndiye angekuomba radhi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea kompyuta.

Mambo yalianza kwa kaka yake. Kaka mtu alipoteza macho utotoni, lakini mashine yao ya zamani ya michezo aliicheza kwa masikio, na mtaani hakuwa na mpinzani. Mashine ilipokufa, dada mtu alimpakulia programu inayoiga mashine ile ndani ya kompyuta. Kaka akavaa visikilizi, akacheza ule mchezo wa mkimbiaji anayevuka daraja bovu, akatumbukia mtoni. Akarudia, akatumbukia tena.

"Daraja linachelewa kulia," alisema. "Ubao ukitaka kuvunjika hulia kwanza, nami naruka. Hapa unalia nimeshazama."

Dada hakusikia tofauti yoyote, ila alimjua kaka yake. Programu ile ni kazi ya watu wa kujitolea. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, na mwenye rekebisho huruhusiwa kulileta. Akaingia humo kama mgeni anayeogopa hata kusogeza kiti. Alisoma mpaka macho yakamuuma, ndipo akaona: sauti ilikuwa ikingoja picha imalize kuchorwa. Akabadilisha mistari michache. Kaka akacheza, akavuka.

"Haya, wapelekee wenyewe."

"Wale mabingwa, kaka. Wataniona kituko."

"Wakicheka, watacheka huko huko kwao."

Akatuma. Tangu hapo hakuacha kuuchungulia ukurasa wa mradi. Kila akifungua simu aliona ukurasa uko vilevile, kimya.

Jibu la msimamizi wa mradi lilimkuta maktabani. "Rekebisho lako limeharibu mchezo mwingine, sauti inakatikakatika. Tena una ushahidi gani kwamba ilikuwa inachelewa? Mimi sisikii."

Uso ukamwaka moto. Alihisi kama maktaba nzima imeusoma ujumbe ule. Alirudi nyumbani kaazimia kuliondoa rekebisho lake na asionekane tena.

"Amekufukuza?" kaka aliuliza.

"Ameuliza ushahidi."

"Anayekufukuza haulizi swali, mdogo wangu. Ushahidi umo ndani ya mashine yetu ya zamani; ibebe twende kwa fundi."

Fundi redio aliipindua mashine, akapuliza vumbi, akachomelea hapa na pale. Mwishowe taa ikawaka. "Nimeiamsha," alisema, "ila sijaahidi itakaa macho. Fanyeni haraka."

Kaka akashika vitufe. Dada akainua simu kurekodi. Mkimbiaji alikuwa hajafika darajani harufu ya kuungua ilipoanza kutoka.

"Niizime?" fundi aliuliza.

"Bado!" alisema dada, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Ubao ukalia, kaka akaruka, akavuka. Kisha skrini ikawa nyeusi na moshi mwembamba ukapanda. Fundi akachomoa waya, akatikisa kichwa. Safari hii imekufa kweli.

Kaka alipapasa kifuniko chenye joto. Dada alitaka kulia. Je, kama simu haikurekodi? Akatazama: imo yote, picha na mlio kwa pamoja.

Akaiweka video ile sambamba na ya programu, kuchelewa kukaonekana waziwazi. Halafu akaurudia ule mchezo ulioharibika: sauti ilikuwa ikitoka kabla haijawa tayari. Akaipa nafasi ndogo ya kujipanga, akaijaribu michezo yote aliyokuwa nayo, akatuma tena.

Msimamizi akajibu: "Kweli inachelewa, na miaka yote hii sikugundua. Nimelipokea. Nani aliyesikia?"

"Kaka yangu," aliandika.

"Muulize kama atatusikilizia na michezo mingine."

Kaka alicheka mpaka akashika mbavu, akadai aletewe yote. Dada naye alicheka, lakini kidogo. Toleo jipya lingewafikia watu asiowajua, wenye michezo ambayo hajawahi kuiona, na mistari yake imo humo. Je, ikiwa mmoja wao utaharibika? Akavuta kiti, akaufungua msimbo, akaanza kuusoma upya.