Picha Nne na Sauti ya Mama

Mvua ilinyesha taratibu alasiri hiyo, na chumba cha cherehani kilijaa mwanga wa kijivu uliofanya kila kitu kionekane kiko mbali kidogo. Mama, fundi cherehani, alijifunika shali. Kesho yake angefanyiwa upasuaji wa koo, na daktari hakumficha: sauti haitarudi.

Ndiyo maana bintiye, mtengenezaji wa tovuti, alimtengenezea ukurasa wenye picha za watoto wake wanne. Ukibonyeza picha, sauti ya mama inamwita mwenye picha kwa jina la utani. Majina hayo aliwapa enzi wakitambaa chini ya cherehani: Mkasi, Uzi, Pini, ambaye ndiye binti huyu, na Kifungo, kitinda mimba, aliyefariki hata shule hajaanza. Sauti zote binti alizirekodi mwenyewe, isipokuwa ya picha yake. Hiyo mama alijirekodi peke yake, mlango kaufunga.

"Haya mama, bonyeza."

Mama akabonyeza Mkasi. "Kifungo, njoo mwanangu." Akabonyeza Uzi. "Kifungo, njoo mwanangu." Binti akabonyeza picha yake mwenyewe. Kifungo tena!

"Samahani mama, nimeboronga."

"Hujaboronga," mama akanong'ona. "Ndivyo nilivyo. Nikimwita yeyote kati yenu, moyoni anatangulia yeye."

Binti alilijua hilo tangu utotoni, na lilimuuma. Lakini nani atamwonea wivu marehemu asijichukie?

Akaifungua programu inayoendesha ukurasa. Kosa lilikuwa lake, tena la kizembe. Alitumia kigeu kimoja, yaani mahali pamoja pa kuwekea jina la anayeitwa, kwa picha zote nne. Programu ilipita picha hadi picha ikilibadilisha jina, ikakomea kwa Kifungo. Sasa kila picha ikibonyezwa inachungulia palepale na kumkuta yeye. Na huyu ni mtoto wa fundi, aliyekua akimwona mama anabandika kikaratasi cha jina kwenye kila nguo ya mteja!

Akaipa kila picha kigeu chake. Vidole vilipokuwa vikiandika, mlio wa mvua ukageuka mlio wa cherehani, naye akajiona yuko chini ya meza, mdogo, anaokota pini sakafuni, na miguu ya mama inakanyaga pedali bila kuchoka. Alitamani asitoke huko.

Akajaribu. Mkasi akaitwa, Uzi akaitwa, Kifungo naye akaitwa.

"Mbona yako umeiruka?" mama akauliza.

"Nitasikiliza baadaye."

Mama akamtazama, kisha akanyoosha kidole akabonyeza mwenyewe.

"Pini," ikasema sauti, nzima kabisa, kama ya zamani. "Wewe sikukuita sana, mwanangu. Kila nilipoinua macho, ulikuwa upo."

Binti akalia waziwazi. Mama akabonyeza tena.